Muziki Niliouzidisha

Mwanangu Kandida,

Umetoka hapa saa nane kwenda Mjimwema kumuaga mama mkubwa, na ninavyomjua dada yangu, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, maana yeye haagani na mtu bila kumlisha mara mbili. Nimefunga mlango wa studio, nimekaa kwenye kiti chako, naandika. Barua hii nitaichomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ule ulioweka tiketi, uikute kesho asubuhi ukishakaa ndani ya basi la Mtwara.

Habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kwenda kanisani sitaziandika. Baba yako amekwambia zote, nyingine mara tatu, na mara zote tatu umemjibu "ndiyo baba" kwa heshima ileile. Mimi nataka kukuandikia habari za kazi hii yetu na makosa niliyoyafanya ndani yake. Mengi unayajua, tumeyacheka pamoja. Moja hatujawahi kulitaja, na ndilo hasa lililonikalisha hapa.

Unajua kwamba nilikuwa fundi cherehani. Nilikuwa nashona sare za kwaya pale Msamala, na siku moja mwalimu wa kwaya akaniomba nisome tangazo la tamasha lao kwenye maiki kwa sababu, alisema, sauti yangu ikiwa dukani inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Sijui kama alinisifu au alilalamika. Nilisoma. Nilipoisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika, mwanangu, nilijisikia kama mtu aliyevaa gauni jipya. Mwaka uliofuata cherehani ikahamia sebuleni, baba yako akatoa mahindi stoo, akatundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, na pale mbele tukaandika kwa rangi: TUNATENGENEZA MATANGAZO. Mablanketi yale yalitoka kitandani kwetu. Juni ile tulilala tukitetemeka, na baba yako hakulalamika hata siku moja, ila alikuwa akipita studio anayashika kidogo, kama mtu anayesalimia rafiki wa zamani.

Kusoma nilijua. Kuchanganya sauti na muziki sikujua, na mbaya zaidi, nilidhani najua.

Wewe ulikuwa darasa la tano tulipopata ile kazi ya Lusewa. Mtendaji wa kijiji kimoja kule alitaka tangazo la chanjo ya kuku, kwa sababu mdondo ulikuwa umeanza kuua kuku wa watu. Tangazo lenyewe fupi: leteni kuku siku fulani, mahali fulani, saa fulani. Nikalisoma vizuri sana. Halafu nikasema, tangazo bila muziki ni kama uji bila sukari. Nilikuwa na lizombe niliyoirekodi mwenyewe kwenye sherehe ya mavuno, ngoma nzito, za kweli, mpaka vishindo vya miguu vinasikika. Kwenye kompyuta nikaweka mstari wa sauti yangu juu na mstari wa ngoma chini, na ngoma nikaiacha ilivyo. Niliona dhambi kuipunguza. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikalia kidogo kwa uzuri wake.

Mzee Hashimu, dereva aliyekuwa akituzungushia matangazo vijijini, akafunga spika juu ya gari lake akaenda. Siku mbili alizunguka Lusewa na vijiji vya jirani. Siku ya tatu ikawa ya chanjo, na saa tano asubuhi mtendaji akapiga simu.

"Mama Kandida," akasema, "tangazo lako limependwa sana."

Nikamshukuru.

"Limechezwa. Wamama wametoka shambani na majembe wamelicheza. Wazee wamelicheza. Gari lilipoondoka watoto wakalifuata mpaka kijiji cha pili."

Nikamshukuru tena.

"Sasa mtaalamu wa mifugo yuko hapa na dawa zake kwenye barafu tangu saa moja. Wamekuja kuku wanne. Na hao wanne ni wangu."

Unakumbuka nilivyokasirika. Nilisema spika za Mzee Hashimu mbovu. Nilisema watu wa Lusewa hawasikilizi, nikiwa nimesahau kwamba mimi mwenyewe nimekulia huko. Jioni Mzee Hashimu alipofika, kabla hajakaa vizuri nikaanza kumshambulia. Yeye, kama kawaida yake, akaomba maji, akanywa, akasema alhamdulillahi, ndipo akanijibu.

"Mama Kandida, gari hilo nimeliendesha mimi siku mbili, spika ziko juu ya kichwa changu. Wallahi, mpaka sasa sijui tangazo lilikuwa linahusu nini."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sufuria mkononi. Ukasema, "Mama, kwa nini usiishushe ngoma pale unapoanza kuongea, halafu uipandishe ukinyamaza?"

Nikakwambia nenda kaoshe vyombo.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika barua hii, na ngoma siihesabu. Ngoma ni kutojua, na mtu anajifunza. Lakini nilisikia jibu kutoka kwa mtoto wangu, nikalijua palepale kwamba ndilo, na nikalituma jikoni likaoshe vyombo. Ulipoondoka nikafungua kompyuta. Nikaweka vidoti kwenye mstari wa ngoma, pale sauti yangu inapoingia nikauvuta chini taratibu, pale ninapomaliza nikaurudisha. Nikasikiliza. Kila neno likasimama peke yake. Sikukwambia. Asubuhi ulipouliza nani kanifundisha, nikasema nimefikiri mwenyewe. Mzee Hashimu akanitazama juu ya kikombe chake cha chai.

Tulilirudia tangazo lile bure, na safari hii tulikwenda wote, wewe ukiwa katikati yangu na Mzee Hashimu. Nakumbuka tulisimamisha gari pale kwenye kona, ukashuka, ukakimbia mpaka mbali kwenye shamba la mtu, ukasimama kati ya mahindi ukaweka mikono nyuma ya masikio. Kisha ukapunga mkono kwamba unasikia. Siku ya chanjo kuku walikuja kwa mikono, kwa matenga, kwa baiskeli wakiwa wamening'inia vichwa chini, na mmoja alikuja ndani ya kofia ya mzee. Mtaalamu wa mifugo aliishiwa dawa. Tulirudi Songea na jogoo wawili wa zawadi, na mmoja wao ndiye aliyetuharibia kila tulichorekodi mwezi mzima mpaka baba yako alipoomba ruhusa ya kumchinja.

Kule kukimbia kwako shambani mimi sikuwa nimekufundisha. Ninachoweza kukwambia ni kwamba tangu siku ile sijawahi kuamini hedifoni peke yake. Nikimaliza kazi naiweka kwenye simu ile yenye spika iliyopasuka, natoka nayo nje, nakwenda kusimama kwa muuza viazi. Kama yeye anaendelea kukata viazi na bado anaweza kuniambia tangazo limesema nini, nimemaliza. Kama anatikisa kichwa kwa kufuata muziki, narudi ndani. Huko Mtwara watakuwa na chumba kizuri na mashine nzuri. Tafuta muuza viazi wako.

Kosa la pili unalijua pia, lakini sijui kama unajua lilivyonigusa.

Ulikuwa kidato cha tatu, bibi yako anatimiza miaka themanini, na ukoo wote unakusanyika Lusewa. Nikasema nitamrekodi asimulie maisha yake, niweke muziki laini wa gitaa chini, tuusikilizishe ukoo baada ya misa. Nilikwenda nikakaa naye uani asubuhi nzima. Alisimulia kwa Kiswahili na Kingoni vimechanganyika, jinsi alivyoolewa, jinsi walivyofyeka lile shamba, jinsi alivyotembea kwa miguu mpaka Songea kuja kujifungua.

Wakati ule nilikuwa nimejifunza kusafisha. Nilikuwa nimenogewa. Kila kikohozi nikakata. Kila pumzi nikakata. Kila alipotulia kutafuta neno nikapaona pana mwanya, nikaunganisha. Masimulizi ya saa nzima yakawa dakika ishirini na mbili, safi kama sahani. Gitaa likapita chini moja kwa moja bila kupanda wala kushuka, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupandia.

Wiki moja kabla ya sherehe nikampelekea asikilize. Alikaa na hedifoni juu ya kilemba chake, anasikiliza, uso umekunjamana. Akazivua.

"Huyu mama," akaniuliza, "anakimbizwa na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Na pale nilipomtaja Tadei, mbona sikunyamaza?"

Tadei alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikumwona, aliyefariki kabla hajatimiza mwaka. Mama alipofika pale kwenye masimulizi alinyamaza muda mrefu. Nilikuwepo, nilimwona akiangalia mikono yake. Nilipofika nyumbani kwenye kompyuta, pale pote palikuwa mstari mnyoofu usio na kitu, na mimi nikapafuta kama mtu anayefuta vumbi.

Nilirudi Songea nimenyong'onyea. Ni wewe uliyesema faili la kwanza bado lipo. Ulikaa kwenye kiti hiki Jumamosi nzima. Pumzi ukazirudisha. Vikohozi ukaacha viwili, ukasema hivyo viwili ni vya bibi kweli. Gitaa ukaliacha lipande pale anapotulia kufikiri, lishuke anaporudi. Ulipofika kwa Tadei ukaniuliza, "Hapa nipandishe muziki?" Nikasema pandisha, watu watachoka. Ukajaribu. Tukasikiliza. Ukaushusha wote mpaka ukaisha kabisa, na tukabaki tunamsikia bibi akipumua, na mbali sana mtu anatwanga.

"Hivi," ukasema.

Uani Lusewa, siku ile, watu wote wale waliokuwa wakigombania viti na wali walinyamaza pamoja naye mpaka alipoanza tena kuongea. Bibi yako alikuwa ameshika mkono wangu. Kisha akaja yule mjomba wako anayezungumza kuliko wote, akasema kwa mara ya kwanza maishani mwake hana la kuongeza, na shangwe zikaanza upya, na wewe ukachezeshwa lizombe mpaka kiatu kikakatika. Ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizofanya kazi hii, na kazi yenyewe haikuwa yangu.

Sasa nije kwa lile.

Mwaka jana redio ya Mtwara ilipotangaza kwamba inatafuta mhariri wa vipindi na kutaka kila mwombaji atume kipande cha dakika tano, ulimrekodi fundi baiskeli wa Msamala. Ulikaa naye siku mbili. Ulichukua mlio wa spoku, upepo wa pampu, na sauti yake akieleza jinsi anavyoijua baiskeli ya kila mtu kwa mlio wake kabla haijafika. Muziki uliweka kidogo sana, mwanzoni na mwishoni. Jumapili ukaenda mazoezi ya kwaya ukasema ukirudi utakituma.

Nikakisikiliza. Kilikuwa kizuri, Kandida. Nilijua ni kizuri. Na bado nikasema moyoni, kimepoa, hawa watu wa redio wanataka kitu kilichochangamka. Nikafungua treki ya muziki. Nikaongeza kinanda chini ya maneno ya fundi. Kikaniita niongeze kidogo tena, nikaongeza. Nikahifadhi juu ya faili lako, jina lilelile, nikafunga, nikaenda kupepeta mchele. Uliporudi ulikuwa na haraka kwa sababu mtandao ulikuwa umetulia, ukatuma bila kusikiliza tena. Nilikuona ukibonyeza. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nafasi ya kusema ilikuwepo.

Majibu yalikuja tukiwa mezani mchana. Ulitusomea mwenyewe kwenye simu: wameshukuru, ila muziki unafunika maneno ya msimulizi, ujaribu nafasi nyingine itakapotokea.

Baba yako akashangaa. "Muziki upi? Si uliweka kidogo tu?"

Ukala tonge moja, ukameza. Ukasema, "Labda sikusikiliza vizuri, baba."

Hukunitazama. Ukaomba chumvi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Kwanza nilijiambia ni mapenzi, nilitaka kukusaidia. Baadaye nikajiambia ni kiburi, nilitaka kazi yako iwe na mkono wangu ndani. Yote mawili yapo. Lakini kuna la tatu, na hili nakuandikia kwa sababu kwa mdomo lingenishinda. Uliposoma ujumbe ule, kabla aibu haijanifika, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Nilisema moyoni, basi anabaki. Ilikuwa muda mfupi kama kupepesa macho, lakini niliihisi. Sikupandisha kinanda ili ukataliwe, naapa. Ila ulipokataliwa, kuna sehemu yangu ilikaa chini ikapumzika, na tangu siku ile sijapenda kukutana na sehemu hiyo.

Basi, asubuhi iliyofuata nilikuja studio mapema, nikawasha kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue ikaniuliza neno la siri.

Nilisimama nayo tukitazamana. Kisha nikaizima, nikachukua ufagio, nikaanza kufagia chumba ambacho nilikuwa nimekifagia jioni yake. Ukaja, ukanipa shikamoo, nikasema marahaba, ukakaa, ukaandika hilo neno ukiwa umenigeuzia mgongo, ukasema, "Tayari mama, iko wazi."

Kandida, ni mwaka mzima sasa. Kila asubuhi mimi nashika ufagio, wewe unakuja unafungua. Sikukuuliza neno hilo kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Na wewe hukuniambia, wala hukunilaumu, wala hukupunguza shikamoo yako hata siku moja. Baba yako juzi amenisifu kwamba studio siku hizi inang'aa.

Mara ya pili ulipotuma kipande, sikukisikia mpaka ulipokwisha kuitwa kazini. Siku ile ulinipa hedifoni mwenyewe, ukasema, "Sikiliza, mama." Ulikuwa umekwenda kwa Mzee Hashimu, ukamrekodi akisimulia barabara za vijiji vyote alivyotangazia, kuanzia hapa mpaka kwao Tunduru kwenye mikorosho. Alipofika Lusewa akasimulia habari za tangazo lililochezwa, na akacheka mpaka akakohoa. Jina langu hakulitaja. Alisema tu, "mama mmoja hivi, hodari sana, ila alipenda ngoma." Chini yake ulikuwa umeweka ile lizombe yangu. Uliipandisha alipocheka, ukaishusha alipoanza kuongea, taratibu sana, kama mtu anayefunika mtoto shuka. Nilivua hedifoni nikatoka kwenda kumwambia muuza viazi kwamba binti yangu ameajiriwa redioni, na nadhani mtaa mzima ulinisikia, maana sauti yangu unaijua.

Nina furaha, mwanangu. Leo tangu asubuhi nimeimba mpaka baba yako ameniuliza kama ninayesafiri ni mimi. Nenda kafanye kazi. Utakutana na watu wenye vyeo watakaokwambia pandisha hapa, ongeza pale. Wasikilize, jaribu wanavyosema, halafu sikiliza tena kwa masikio yako mwenyewe, yale uliyokuwa nayo ukisimama kwenye mahindi. Na siku ukikosea kazi ya mtu, mwambie siku hiyohiyo, mezani, chumvi ikiwa bado inapitishwa. Ukiacha mpaka kesho yake utajikuta unafagia.

Nakuomba msamaha. Niligusa kazi yako bila kukuuliza, nikakuacha ubebe lawama mbele ya baba yako. Kesho nikishatoka stendi nitamweleza mwenyewe.

Jambo moja tu limebaki, na ndilo limenifanya niandike leo badala ya kuendelea kuona haya mpaka nizeeke. Jumamosi kuna harusi Mjimwema, na tangazo lao liko humo ndani, nimelisoma tayari, muziki bado. Nimekaa mbele ya hii kompyuta tangu ulipoondoka, nami siwezi kuifungua. Basi likisimama Namtumbo, kabla mtandao haujaanza kukatika, nitumie hilo neno la siri.

Mama yako,
Skolastika